Je, sarafu zilizochakachuliwa ndizo zilizoiangusha Roma?

*Swali: Nafundisha historia sekondari. Kila tukifika kwenye kuporomoka kwa Dola ya Kirumi, chumba cha walimu kinageuka baraza. Mmoja anashikilia kwamba Warumi walijilisha sumu kwa mabomba ya madini ya risasi wakapungukiwa akili. Mwingine anasema ni anasa na uvivu. Mimi huwaambia wanafunzi kwamba makaisari walichanganya shaba kwenye sarafu za fedha mpaka pesa ikakosa thamani, na mwaka 476 dola ikafa. Juzi nilinunua Mji Mkongwe, Zanzibar, sarafu niliyoambiwa ni dinari ya Kirumi iliyookotwa ufukweni. Nataka kuipitisha darasani kama ushahidi. Je, maelezo yangu ni sahihi? Na nitajuaje kama sarafu ni ya kweli, na ina fedha kiasi gani, bila kuiharibu?*

Mwalimu, sehemu kubwa ya unachofundisha ni kweli. Makaisari walizichakachua sarafu, na kila mwenye mizani sokoni alilijua hilo. Kinachokukwamisha ni kalenda. Uchakachuaji ulifika pabaya kuliko pote mnamo mwaka 268 BK, na Dola ya Magharibi, nusu iliyotawaliwa kutoka Italia, ikaishi miaka mia mbili zaidi. Tena sehemu kubwa ya miaka hiyo ilitumia sarafu ya dhahabu safi ambayo hakuna aliyethubutu kuichezea. Mtu aliyepona homa akafa baada ya karne mbili, hatusemi kauawa na homa ile. Tuulize homa ilitokana na nini, maana kilichoileta kilibaki mwilini.

Nianze na wenzako wa chumba cha walimu, kwa heshima zote.

Mabomba ya risasi yalikuwepo kweli, na Warumi wenyewe walikuwa na wasiwasi nayo. Vitruvius, mhandisi wa zama za Augustus, kaisari wa kwanza, aliandika kwamba maji ya mabomba ya udongo ni salama zaidi, akatoa mfano wa mafundi wa risasi na ngozi zao zilizopauka. Uchunguzi wa matope ya bandari ya Roma uliochapishwa mwaka 2014 ulikadiria kwamba maji ya bomba mjini yalikuwa na risasi mara 100 hivi kuliko maji ya chemchemi za jirani. Inatisha, mpaka ukumbuke kwamba chemchemi zenyewe hazikuwa na risasi ya kuhesabika. Maji ya Roma yalitiririka mchana na usiku, hayakulala ndani ya bomba. Yalikuwa pia na chokaa nyingi, ambayo iliacha utando mgumu ndani ya bomba, kama ule mweupe unaouona kwenye birika la kuchemshia maji ya kisima, na utando huo ukayatenga maji na risasi. Waliofanya uchunguzi huo wenyewe hawakuona kiwango cha kuangamiza taifa. Hatari kubwa zaidi ilikuwa jikoni: maji ya zabibu yaliyochemshwa kwenye vyungu vya risasi mpaka yakawa asali nzito ya kukolezea divai. Hilo liliwadhuru watu, bila shaka, hasa wenye uwezo. Lakini Warumi walitumia risasi walipokuwa wakipanda, wakaitumia walipokuwa wakishuka, na Warumi wa mashariki wakaitumia wakaendelea kuishi. Sababu iliyokuwepo nyakati zote haielezi badiliko la wakati mmoja.

Anasa ina kasoro hiyo hiyo. Mwanahistoria Sallustius alilalamika kwamba Warumi wameozeshwa na mali miaka ya 40 KK. Dola ilifikia upana wake mkubwa mwaka 117 BK, chini ya Kaisari Traianus. Jamii iliyooza ikaendelea kutanuka kwa miaka mia na hamsini ni jamii yenye uozo wa ajabu sana.

Sasa 476. Mwaka huo kamanda Odoacer alimwondoa kijana Romulus Augustulus huko Italia, akampa pensheni ya sarafu 6,000 za dhahabu kwa mwaka na makazi Campania. Alama za ukaisari zikapelekwa Konstantinopoli, Istanbul ya leo, kwa Kaisari Zeno wa Mashariki, na ujumbe kwamba kaisari mmoja anatosha. Julius Nepos, ambaye Konstantinopoli ilimtambua kuwa kaisari halali wa Magharibi, alikuwa bado hai Dalmatia na hakufa mpaka 480. Kwa hiyo kilichokwisha mwaka huo ni ofisi ya kaisari nchini Italia. Mashariki dola iliendelea mpaka Konstantinopoli ilipotekwa na Waturuki wa Uthmaniya tarehe 29 Mei 1453, na watu wake walijiita Warumi muda wote huo. Kwa wanafunzi wako una ushahidi wa karibu kabisa: Sura ya 30 ya Qurani inaitwa Ar-Rum, na inazungumzia vita vya Warumi vya karne ya saba, zaidi ya miaka mia moja baada ya hiyo 476. Ukisema “Roma ilianguka 476” ongeza neno “Magharibi”, na swali la mtihani litabadilika kuwa swali zuri zaidi: kwa nini nusu moja ilikufa na nyingine ikabaki?

Turudi kwenye sarafu, maana hapo ndipo utaratibu mzima unapoonekana.

Dinari, kwa Kilatini *denarius*, ilianza mnamo 211 KK. Neno lenyewe limetufikia kupitia Kiarabu, na wanafunzi wako wamelikuta kwenye Injili ya Mathayo, sura ya 20, pale kibarua wa shamba la mizabibu anapopatana na mwenye shamba dinari moja kwa siku. Chini ya Augustus, ratili moja ya Kirumi ya fedha, takriban gramu 327, ilitoa dinari 84, yaani karibu gramu 3.9 kila moja, na fedha ndani yake ilizidi asilimia 95. Mwaka 64 Nero alifanya mambo mawili kwa mpigo: akapunguza uzito, ratili ikatoa sarafu 96, na akachanganya shaba mpaka fedha ikashuka karibu na asilimia 80. Fanya hesabu ubaoni. Ratili ya fedha tupu iliyokuwa ikitoa sarafu themanini na kitu sasa inatoa kama 120. Septimius Severus, miaka ya 194 na 195, aliishusha hadi karibu nusu kwa nusu, na hapo ratili ile ile inazidi 190. Mwaka 215 mwanawe Caracalla akatoa sarafu mpya, ambayo wataalamu huiita antoniniano, inayoaminika kupewa thamani ya dinari mbili ilhali fedha yake ilikuwa ya dinari moja na nusu. Kufikia utawala wa Gallienus, 253 hadi 268, antoniniano ilikuwa na fedha chini ya asilimia 5. Kwenye sarafu ya gramu 3 hiyo ni chini ya gramu 0.15. Ratili ya fedha sasa ilitosha sarafu zaidi ya elfu mbili. Zilipakwa utando mwembamba wa fedha ili ziingie sokoni zikimeta, na utando ulipotoka ilibaki shaba.

Kwa nini wafanye hivyo? Wanafunzi hujibu “tamaa”, na mwalimu huikubali kwa sababu kengele imelia. Jibu ni mshahara. Askari wa legioni, vikosi vikuu vya jeshi la Roma, chini ya Augustus alilipwa dinari 225 kwa mwaka. Domitianus akapandisha hadi 300. Severus akapandisha tena, Caracalla akaongeza nusu nyingine juu yake. Legioni zilikuwa 25 baada ya maafa ya msitu wa Teutoburg mwaka 9 BK, zikawa 33 chini ya Severus, na kulikuwa na vikosi vya wasaidizi vyenye watu kama idadi hiyo tena. Jumla, mamia ya maelfu ya watu waliotakiwa kulipwa sarafu mkononi. Jeshi lilikuwa fungu kubwa kuliko yote katika matumizi ya dola, wala hakuna lililolikaribia.

Upande wa mapato kulikuwa na ugumu ambao sisi wa leo hatuuoni kwa urahisi. Dola ya Kirumi haikuwa na deni la taifa. Hakukuwa na hati fungani wala benki kuu ya kukopa dhidi ya kodi ya mwaka ujao. Kodi kuu ilikuwa ya ardhi, iliyokadiriwa kwa sensa, na haikupanda kwa sababu tu vita vimepanda. Kaisari mwenye vita viwili badala ya kimoja alikuwa na njia tatu tu: kuwabana walipa kodi, kupata madini mapya, au kuinyoosha fedha iliyopo. Madini mapya kwa njia ya ushindi yalikoma na Traianus, aliyekomba hazina ya Dacia, Romania ya leo, mwaka 106. Migodi mikubwa ya fedha ya kusini mwa Hispania, kama Rio Tinto, ilidhoofika baada ya tauni iliyoingia mwaka 165. Hili halisomwi kwenye vitabu vya zamani peke yake: barafu ya Greenland imehifadhi, tabaka kwa tabaka, vumbi la risasi lililorushwa angani na tanuru za kuyeyushia fedha, na vumbi hilo linapungua sana karne hiyo ya pili.

Halafu adui akabadilika. Mwaka 224 nasaba mpya ya Wasasani ilishika Uajemi. Haikuwa jirani wa kuvamiwa kila kaisari anapotaka sifa. Mwaka 260 mfalme wao Shapur alimkamata Kaisari Valerianus akiwa hai. Upande wa kaskazini makabila madogo ya Kijerumani yalikuwa yameungana kuwa mashirikisho makubwa. Kati ya 235 na 284 walipita makaisari zaidi ya 20, wengi wao waliuawa na askari wao wenyewe, na kila mpya alitakiwa kutoa bahashishi kwa jeshi lililomsimika. Mfano wa bahashishi hizo ulikuwa umekwishawekwa mwaka 193, walinzi wa kaisari walipokinadi kiti chenyewe, Didius Julianus akashinda kwa ahadi ya dinari 6,250 kwa kila mlinzi. Aliuawa baada ya siku 66. Severus aliyemfuata, kwa maelezo ya mwanahistoria Cassius Dio, aliwausia wanawe wapatane, wawatajirishe askari, na wasiwajali wengine. Kama siasa ni usia mbaya. Kama maelezo ya bajeti ya Roma, ni sahihi kabisa.

Kuna jambo ambalo huenda litakushangaza. Ukisoma nyaraka za mafunjo za Misri, ambako sarafu za mkoa zilifungamanishwa na dinari, bei ya ngano haikupanda sambamba na uchakachuaji. Ilikaribia kuongezeka maradufu mwishoni mwa karne ya pili, kisha ikatulia kwa miongo mingi wakati fedha inaendelea kutolewa kwenye sarafu. Iliruka mara kumi hivi ghafla, miaka ya 274 na 275, pale Aurelianus alipoleta sarafu mpya ili *kutengeneza* mambo. Watu walikuwa wameipokea sarafu mbovu kwa sababu serikali nayo iliipokea kwenye kodi. Serikali ilipotangaza kwamba sasa kuna sarafu nzuri, ilikiri yenyewe kwamba ya zamani ni mbovu, na imani iliyokuwa imeibeba ikakatika. Sarafu nzuri za kale nazo zilikuwa zimefukiwa vyunguni zamani. Nani atalipa kodi kwa fedha safi wakati shaba inakubaliwa? Hazina ikawa inatoa ubovu na kupokea ubovu ule ule.

Suluhisho la muda lilikuwa kuipita pesa pembeni. Dola ilianza kudai kodi kwa vitu: ngano, nyama, mafuta, nguo, farasi, usafiri, vikapelekwa kwa askari moja kwa moja. Diocletianus, aliyetawala 284 hadi 305, aliupanga mtindo huo kuwa mfumo kamili na kuongeza mikoa kutoka kama 50 hadi karibu 100 ili kodi ikusanywe kwa karibu zaidi. Mwaka 301 alitoa amri ya bei za juu kabisa kwa bidhaa na kazi zaidi ya elfu moja, adhabu ikiwa kifo. Kibarua wa shamba: dinari 25 kwa siku pamoja na chakula. Weka namba hiyo ubaoni kando ya dinari moja ya Mathayo, usiseme neno, na subiri mkono unyooshwe. Ratili ya dhahabu iliwekewa dinari 72,000. Lactantius, mwandishi Mkristo ambaye hakumpenda Diocletianus hata kidogo, anasema bidhaa zilitoweka sokoni, damu ikamwagika kwa vitu vya senti, mwisho amri ikaachwa. Hapo mwandishi ana chuki, lakini matokeo aliyoyaeleza anayajua yeyote aliyewahi kupanga foleni ya sukari.

Aliyetatua tatizo la sarafu ni Constantinus. Kuanzia mwaka 309 hivi alitoa *solidus*, sarafu ya dhahabu, 72 kwa ratili, gramu 4.5. Ilishika uzito na usafi wake kwa karibu miaka 700. Magharibi ilikuwa nayo mpaka mwisho. Ndiyo maana maelezo ya “sarafu iliua” hayasimami: ugonjwa wa sarafu ulitibiwa, mgonjwa akafa na kitu kingine.

Kitu hicho kingine ni kupotea kwa ardhi inayolipa kodi, na kama una kipindi kimoja tu cha kufundisha mada nzima, kitumie hapa. Mwaka 376 Wagothi, watu wa Kijerumani, wakisukumwa na Wahun (si wahuni, ingawa darasa litacheka), waliomba kuvuka mto Danube. Maofisa waliowapokea waliwaibia chakula, wakaasi, na tarehe 9 Agosti 378 wakamuua Kaisari Valens na sehemu kubwa ya jeshi la mashariki huko Adrianople. Siku ya mwisho ya mwaka 406 Wavandali, Waalani na Wasuebi walivuka mto Rhine. Mwaka 410 Wagothi wa Alaric waliupora mji wa Roma, tukio lililopiga kelele nyingi na kubadilisha machache. Lililobadilisha ni la mwaka 429, Wavandali wa Geiseric walipovuka kutoka Hispania kuingia Afrika Kaskazini, na tarehe 19 Oktoba 439 wakaichukua Kartago, Tunisia ya leo.

Kwa nini Kartago izidi Roma kwa uzito? Kwa sababu Roma ilikula na Kartago ililisha. Mji wa Roma katika ubora wake ulikuwa na watu wapatao milioni moja, na 200,000 kati yao walipokea ngano ya bure, vipimo vitano kwa mwezi, kama kilo 33. Ngano hiyo ilitoka Afrika na Misri, na tangu Konstantinopoli ilipojengwa, ya Misri ilielekezwa huko. Afrika ilikuwa mkoa tajiri, salama, usiohitaji jeshi kubwa: ulitoa kodi nyingi na kutumia kidogo. Ukiuondoa, hukupoteza mkoa mmoja kati ya mingi. Umepoteza ule uliokuwa ukilipia mingine. Tuna ushahidi wa karatasi. Mwaka 444 serikali ya Valentinianus III ilikiri kwenye sheria yake kwamba mapato hayatoshi kuwalisha na kuwavisha askari, wapya na hata wa zamani, ikaanzisha kodi ya sehemu moja ya ishirini na nne kwa kila mauzo. Mwaka uliofuata Numidia na Mauretania Sitifensis, mikoa iliyorudishwa na Wavandali ikiwa magofu, ilishushiwa kodi hadi moja ya nane. Kodi chache, askari wachache. Askari wachache, mkoa mwingine unaondoka. Mkoa ukiondoka, kodi chache zaidi. Mduara huo hauhitaji uvivu wala risasi.

Jaribio la mwisho la kuukata lilikuwa mwaka 468. Kaisari Leo wa Mashariki alituma kundi kubwa la meli chini ya Basiliscus, kwa gharama ya zaidi ya ratili 60,000 za dhahabu. Basiliscus akatia nanga karibu na Rasi ya Bon na kukubali kusubiri siku tano. Upepo ulipogeuka, Geiseric akazisukumia meli hizo merikebu zilizowashwa moto. Miaka minane baadaye askari wa Italia walidai theluthi moja ya ardhi kwa sababu hazina haikuwa na sarafu ya kuwapa. Walipokataliwa, wakamfuata Odoacer. Kwa hiyo hata 476, ukiifungua, ndani yake utakuta mgomo wa mishahara.

Mashariki ilinusurika kwa sababu mkoba wake haukufikika. Misri, Shamu na Asia Ndogo zilikuwa nyuma ya kuta za Konstantinopoli zilizokamilika mwaka 413 na bahari ambayo Wagothi na Wahun hawakuweza kuivuka. Majeshi ya Waarabu yalipoichukua Shamu baada ya vita vya Yarmuk mwaka 636, kisha Misri miaka michache baadaye, dola hiyo nayo ilinywea ghafla, kwa sababu ile ile.

Wapo wanahistoria wanaotilia mkazo tauni na mabadiliko ya hali ya hewa, na wapo wanaosisitiza kwamba wakulima wengi hawakuona “kuanguka” kokote, ila mwenye kukusanya kodi alibadilisha lugha. Wote wana hoja, na ningependa wanafunzi wazisikie. Mimi naegemea kodi na jeshi kwa kuwa ndiyo maelezo pekee yanayojibu lile swali la nusu mbili.

Sasa sarafu yako. Nina shaka nayo kabla hata sijaiona. Katika karne ya kwanza baharia mmoja wa Misri, aliyeandika kwa Kigiriki, aliacha mwongozo wa biashara ya Bahari ya Hindi unaofika mpaka pwani yetu, aliyoiita Azania, na soko lake la mwisho, Rhapta. Anaorodhesha kilicholetwa huku: mikuki iliyotengenezwa Muza nchini Yemen, mashoka, visu, sindano nene za kutobolea na vitu vya kioo, pamoja na divai na ngano kidogo za kujenga urafiki. Vilivyochukuliwa ni pembe za ndovu, pembe za vifaru na magamba ya kasa. Sarafu hazimo. Linganisha na India, ambako anazitaja, na ambako vyungu vya dinari vimefukuliwa kweli. Haina maana kwamba haiwezekani. Ina maana kwamba “iliokotwa ufukweni” ni maneno ya kuuliza maswali zaidi, maana watalii na wauza sarafu wamekuwa wakipita Zanzibar kwa muda mrefu.

Anza na vipimo visivyodhuru. Kipenyo kiwe milimita 17 hadi 20, uzito gramu 2.8 hadi 3.9. Isogeze kwenye sumaku: fedha na shaba hazivutwi, kwa hiyo ikinata, umemaliza, si dinari. Kisha chukua kioo cha kukuzia uangalie ukingo. Dinari ya kweli iligongwa kwa nyundo kati ya mihuri miwili, kwa hiyo ukingo wake si duara kamili na mara nyingi una mipasuko midogo. Ukiona mshono unaozunguka ukingo mzima, au vitundu vya mapovu kwenye uso, hiyo ilimiminwa kwenye kalibu, na huko ndiko bidhaa nyingi za watalii zinakotoka.

Kwa kiasi cha fedha, pima densiti. Azima mizani ya sonara inayosoma gramu 0.01 au chini yake. Pima sarafu ikiwa kavu. Weka glasi ya maji juu ya mizani, tia tone moja la sabuni ili mapovu yasing'ang'anie, rudisha mizani kwenye sifuri, kisha ining'inize sarafu kwa uzi mwembamba mpaka izame yote bila kugusa chini wala pembeni. Namba inayojitokeza ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo. Fedha tupu ni 10.5, fedha ya asilimia 80 ni kama 10.1, nusu kwa nusu 9.7, shaba 9, shaba nyeupe za bandia na bati huanguka chini ya hapo, bati ikifika 7.3. Tuseme sarafu ina gramu 3.40: ikisukuma 0.33 umepata 10.3, ikisukuma 0.47 una kipande cha bati. Lakini tazama udhaifu wa kipimo: 0.34 badala ya 0.33 inakupeleka 10.0, kwa hiyo kwa mizani hiyo huwezi kutofautisha dinari ya Augustus na ya Nero. Kitakachoonekana ni udanganyifu wa wazi, basi. Na bandia za kale zenyewe zilikuwepo, moyo wa shaba ndani ya ganda la fedha. Hizo zitaonekana kwa densiti ya kama 9 hivi.

Usimruhusu sonara aikwaruze kwenye jiwe wala kuidondoshea tindikali. Hata mashine ya miali inayosoma madini bila kugusa hudanganywa na dinari, kwa sababu inasoma juu juu. Vipande vilisafishwa kabla ya kugongwa kwa namna iliyoondoa shaba usoni, na karne za ardhini zikaendeleza kazi hiyo, kwa hiyo uso una fedha nyingi kuliko moyo. Vipimo vya zamani vya wataalamu viliwasifu makaisari kupita walivyostahili kwa kosa hilo hilo. Wala usiisafishe: limau, siki, magadi na dawa ya meno huondoa kutu pamoja na maandishi, na sarafu isiyosomeka haina mwaka.

Ikipita vipimo hivi, acha hapo uitafutie macho ya mtaalamu. Ifunge kwenye karatasi isiyo na tindikali au mfuko mdogo wa nguo, si wa plastiki laini ya PVC inayotoa unyevu wenye kula madini, na uipeleke makumbusho: Zanzibar kwenyewe kwa taasisi ya makumbusho na mambo ya kale, Dar es Salaam Makumbusho ya Taifa, au Mombasa Fort Jesus kama uko upande huo. Nenda na maelezo ya aliyekuuzia, siku, bei, na ufukwe aliotaja, kwa sababu kama kweli iliokotwa huko, mahali ni ushahidi mkubwa kuliko sarafu, na sheria za mambo ya kale zinataka vilivyookotwa viripotiwe.

Kabla ya hapo tazama maandishi kwa mara nyingine. Kama ni ya Kiarabu, ni ndogo kuliko nilivyosema, na ni ya fedha, usiitupe kwa hasira. Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 ilifukuliwa hazina ya sarafu ndogo za fedha zaidi ya elfu mbili, za watawala wa pwani, zikiwa na dinari chache za dhahabu za Wafatimi wa Misri. Hiyo uionyeshe makumbusho wiki hii hii, na darasani uende na picha.